Bolti Mbili, Tani Mbili

Barabara ya Bagamoyo kwenda Msata ina vipande vilivyonyooka ambavyo mtu mwenye gari la kelele na akili kidogo hawezi kuvipita hivihivi. Jumapili ile asubuhi mtu huyo nilikuwa mimi. Gia ya tatu, mshale wa mizunguko umepita 8,000, injini imepandisha sauti mpaka ule mlio mwembamba unaokufanya ucheke peke yako ndani ya gari. Nikaachia mguu kuingia kona, na hapo nikasikia kitu kinagonga chini ya boneti. Hakikugonga kwa fujo. Kiligonga kama mgeni anayepiga hodi kwa kifundo cha kidole: ko, ko, ko. Nikikanyaga, anaharakisha. Nikiachia, anapunguza.

Mwenye busara angezima gari palepale, akasukuma mpaka kivulini, akapiga simu. Mimi nikajiambia Msata si mbali, nitakwenda polepole. Kilomita tatu hivi mbele mgeni akachoka kupiga hodi, akavunja mlango. Mshindo mmoja, moshi, usukani mzito ghafla, na kwenye kioo cha nyuma mstari mweusi wa oili ukinifuata juu ya lami. Nilipoinama kutazama, ubavuni mwa bloku palikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi, na kipande cha konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni, kimechungulia nje kama mpangaji anayetazama nani kaja.

"Imenoki," akasema kijana wa bodaboda aliyesimama kuangalia. Hakuuliza. Alikuwa ananipa pole.

Neno hilo sisi tumelichosha. Mtaani "imenoki" maana yake imekwisha, katafute nyingine. Lakini ndani yake kuna milio miwili isiyo na undugu. Kuna kugonga kwa juu, pale mchanganyiko wa petroli na hewa unapolipuka kabla ya zamu yake: mlio mkavu, kokoto ndani ya kopo. Huo, ukitoa mguu upesi, unakuachia nafasi ya kutubu. Halafu kuna kugonga kwa chini, chuma juu ya chuma, kwenye kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Huo unakupa dakika chache tu, na mimi zangu nilizitumia kuitafuta Msata.

Gari lenyewe ni Altezza, ile RS200 ya gia sita za mkono. Anayeishi Dar hahitaji kuelezwa Altezza. Wengi wanazo zenye injini ya 1G ya silinda sita, tulivu, ya kwendea kazini. Yangu ina 3S-GE, lita 2, silinda nne, injini ambayo Toyota na Yamaha waliifanya ipumue vizuri kuliko saizi yake. Ilipotoka mwaka 1998 ilitangazwa kwa nguvu za farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, bila turbo. Hapo kwenye "bila turbo" ndipo ugonjwa wangu ulipo. Wenzetu wa Nairobi wana Subaru zao, wanaongeza pumzi ya turbo na mambo yanakwenda. Mwenye injini isiyo na turbo hana pa kuongeza pumzi. Njia aliyobaki nayo ni kupumua mara nyingi zaidi, yaani kupiga resi.

Hesabu yake ni nyepesi. Nguvu ya injini ni msokoto wa kranki ukizidishwa na mizunguko. Msokoto wa lita 2 isiyo na turbo una dari yake, huwezi kuupandisha sana hata ukibadilisha egzosi mara kumi. Kwa hiyo unapandisha mizunguko. Honda walilijua hilo mapema: injini yao ya B16A ya mwaka 1989 ilitoa farasi 160 kwenye lita 1.6, na ile ya S2000, ya mwaka 1999, ilikuwa na mstari mwekundu, mwisho wa mizunguko inayoruhusiwa, kwenye 9,000. Watu wa mitaani wakiona hivyo wanasema basi na yangu iende. Nami nilisema hivyo. Kijana mmoja mwenye kompyuta mpakato na waya alikaa kiti cha abiria nusu saa, akaingia kwenye kontroboksi, yaani ubongo wa injini, akaiondoa limita, kile kikomo cha mizunguko, ilipokuwa akaiweka 8,400. Nikampa hela yake. Siku ile ndiyo nilinunua lile tundu, ingawa mzigo wenyewe ulichelewa kufika.

Nimekaa na kalamu baada ya maziko, na ninaandika hapa kwa sababu hesabu hii ningependa niwe nimeifanya kabla.

Pistoni haizunguki. Inapanda na kushuka. Ikifika juu kabisa lazima isimame, igeuze, irudi ilikotoka. Kwenye mizunguko 8,400 kranki inazunguka mara 140 kwa sekunde, kwa hiyo mara 140 kwa sekunde pistoni inafika juu na mtu fulani lazima aivute irudi chini. Chukua pistoni na pini yake na ringi zake vina uzito wa nusu kilo, ambao hauko mbali na ukweli kwa injini za saizi hii. Kwenye 7,600, nguvu inayohitajika kuigeuza pale juu ni sawa na kuning'iniza mzigo wa karibu tani 1.8. Kwenye 8,400 inakuwa kama tani 2.2. Mizunguko imeongezeka kwa asilimia 10 na ushee, mzigo umeongezeka kwa asilimia 22. Ndivyo resi inavyolipwa: kwa mraba. Ukiongeza mara mbili, unadaiwa mara nne.

Tena mzigo huo haupo kila mahali sawasawa. Watu wengi wanadhani kinachovunja konrodi ni mlipuko, kwa kuwa mlipuko ndio wenye makelele. Mlipuko unaisukuma konrodi chini, unaikandamiza, na chuma kilichonyooka kinavumilia sana kukandamizwa. Mateso yapo kwenye mpigo wa kutoa moshi. Pistoni inapanda kwa kasi, valvu za moshi ziko wazi, juu yake hakuna mgandamizo wa kuipunguza mwendo. Imefika juu, inataka kuendelea kwenda mbinguni. Kinachoivuta irudi ni konrodi, na konrodi imeshikwa kwenye kranki na kifuniko, na kifuniko kimeshikwa na bolti mbili. Bolti mbili, kila moja nyembamba kuliko kidole chako kidogo, na mzigo wa zaidi ya tani mbili, mara 70 kwa sekunde, maana mpigo huo unakuja kila mizunguko miwili.

Nilipomaliza hesabu hiyo nikaenda hatua moja zaidi, nikakuta jambo lililonishangaza. Umbali wa pistoni ya 3S-GE kutoka chini hadi juu ni milimita 86. Kwenye 8,400 mwendo wake wa wastani unakuwa mita 24 kwa sekunde. Sasa chukua gari la Formula 1 la mwaka 2009, wakati ule wa injini za V8 za lita 2.4 zilizowekewa ukomo wa mizunguko 18,000. Pistoni zao zilisafiri chini ya milimita 40 tu. Piga hesabu: mita 23.9 kwa sekunde. Yaani pistoni za Altezza yangu, ile niliyoifungia injini ya mtumba, kwa wastani zilikuwa zinakwenda mbio kuliko za gari la Formula 1 linalolia 18,000.

Ningeweza kujisifu. Lakini wale jamaa pistoni zao ni nyepesi na pana kama visahani, valvu zao hazirudishwi na springi za chuma bali kwa hewa iliyoshindiliwa, mbinu ambayo Renault waliileta katikati ya miaka ya 1980. Na mwaka ule kila dereva alipewa injini nane kwa msimu mzima, wahandisi wakiwa wanazisikiliza kila sekunde. Mimi nilikuwa na injini moja, na kijiti cha kupimia oili nilikuwa sijakichomoa wiki mbili.

Hapo ndipo hadithi inaponigeukia.

Maiti ya injini niliipeleka mtaa wa Gerezani, Dar, kwa mzee mmoja wa mashine, fundi wa kuchonga kranki na kutanua silinda, anayesema maneno kumi kwa siku na tisa kati ya hayo ni ya kazi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akatazama lile tundu.

"Ulikuwa unaelekea wapi?"

"Msata, mzee."

"Ulifika?"

Alifungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akatoa konrodi zote nne, moja akaitoa vipandevipande, akazipanga juu ya boksi la karatasi kwa namba zake. Kando ya kila moja akaweka beringi zake, yale maganda mawili membamba yanayokumbatia kranki. Za namba 1 na namba 4 zilikuwa na rangi ya kijivu, shwari, kama zimetoka jana. Za namba 2 zilikuwa na mikwaruzo ya kuzunguka. Za namba 3 hazikuwepo. Zilikuwa zimesagika, zikapakwa juu ya kranki kama siagi kwenye mkate. Na kichwa kikubwa cha konrodi ile kilikuwa na rangi ya bluu.

"Unaiona hii bluu?" akasema. "Chuma kimepikwa. Kimepita nyuzi 300. Bolti hazikukatika kwanza, mwanangu. Zilikatika mwisho, zimeshapikwa."

Mimi nilikuwa nimekuja na kesi yangu tayari: limita. Nilijua ni limita. Nilikuwa nimeshamtungia ujumbe mkali yule kijana wa kompyuta. Mzee akanipokonya kesi mkononi. Akauliza injini ilikuwa inakula oili? Ndiyo, kidogo. Kidogo kiasi gani? Nikanyamaza. Injini ilikuja imekwishatumika, niliinunua kwenye duka la vyuma vya kutoka nje, haina historia, na ringi zake zilikuwa zimechoka. Ukipiga resi halafu ukaachia mguu ghafla, kaba ya hewa inajifunga, silinda zinavuta, na ringi zilizochoka zinaruhusu oili ipande. Inaungua. Kidogo kidogo. Wiki mbili.

Sasa tuongee kuhusu oili, kwa kuwa hapa ndipo penye injini yenyewe, hayo mengine ni mapambo.

Kranki haijawahi kuigusa beringi yake. Au tuseme haitakiwi kuigusa, isipokuwa pale unapowasha. Kati yao kuna nafasi ya kama milimita 0.04, unywele wako mmoja ni mnene kuliko hapo, na nafasi hiyo imejaa oili. Kranki ikizunguka inaikokota oili ndani ya hiyo nafasi, oili inajikunja kama kabari, na kabari hiyo ndiyo inayobeba zile tani mbili. Ganda la beringi ni laini kwa makusudi, halikuumbwa kubeba chuma juu ya chuma. Ukiikatisha oili kwa sekunde chache tu kwenye resi kubwa, utando unapasuka, chuma kinagusa chuma, joto linapanda, ganda linayeyuka, nafasi inakuwa kubwa, oili inatoroka hapo zaidi kuliko mwanzo. Hiyo ndiyo hodi niliyoisikia. Kuanzia hapo kila mzunguko ni nyundo.

Na kwa nini oili ikatike wakati pampu ni nzima? Kwa sababu kwenye resi kubwa pampu inapeleka oili juu kwa wingi, kwenye kamshafti, mhimili unaofungua valvu, na kwenye valvu zenyewe, na kurudi chini inarudi kwa mteremko wake wa kawaida, haiharakishwi na mtu. Nyingine inatupwatupwa na kranki, inageuka povu. Kwa hiyo oili iliyobaki kwenye sampu wakati injini inalia 8,000 ni pungufu kuliko ile uliyoipima asubuhi gari limelala. Ongeza kona. Oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, bomba la kunyonya linabaki upande mwingine linavuta hewa. Mimi nilikuwa na upungufu wa lita na zaidi, nikaenda na resi dakika kadhaa mfululizo, halafu nikaingia kona. Nilitimiza masharti yote.

Mzee hakuniachia hapo. Alichukua zile bolti nyingine sita zilizobaki nzima, akazipima urefu kwa kalipa. Mbili zilikuwa ndefu kuliko wenzake. Bolti ya konrodi ni springi, ukiikaza unainyoosha kidogo, na kule kutaka kurudi ndiko kunakokishika kifuniko. Ikinyooshwa kupita kiasi hairudi tena, inabaki kama mpira wa suruali uliochoka. Fundi aliyenifungia injini ile mara ya kwanza alirudisha bolti zilezile za zamani na kuzikaza kwa mkono na uzoefu. Simlaumu sana. Nilimwambia mwenyewe apunguze gharama.

"Hizi zilikuwa zinakuja," mzee akasema, akizirudisha juu ya boksi. "Oili imewahi."

Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi. Injini ile ilikuwa na vifo viwili vinavyokimbizana, kimoja kimemtangulia mwenzake. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema resi inaua injini, na pia sikubaliani na wanaosema injini ya Kijapani haifi. Kwenye 4,000 dhambi zangu zote zingelala. Bolti zilizochoka zingeshika, oili pungufu ingetosha, ringi zingeendelea kuvuta. Tazama Hiace za daladala zenye injini za dizeli za 3L na 5L: zinafungwa vichochoroni, zinakanyagwa tangu alfajiri, oili zinaongezewa ya jero jero, na zinatembea. Pistoni zake kwenye 4,000 zinakwenda kama mita 13 kwa sekunde. Ukifika 24, kila ulipodanganya panaulizwa.

Baada ya msiba huo nikawa msomaji wa vifo vya watu wengine, na kimoja kinanipendeza kuliko vyote kwa sababu hakihusiani na uzembe. Nissan Skyline GT-R ya R32, iliyotoka mwaka 1989, ina RB26, silinda sita kwenye mstari, chuma ambacho watu wamekitoa farasi za kutisha. Ubaya wake kwenye matoleo ya mwanzo ulikuwa mdogo kiasi cha kuchekesha: sehemu ya mbele ya kranki inayozungusha pampu ya oili ilikuwa nyembamba, inaushika mzingo wa gia kwa upana mdogo tu. Kwenye matumizi ya kawaida haina neno. Lakini kranki ndefu ya silinda sita, hata kama ni chuma kigumu, inasokoteka na kurudi kama kanga inayokamuliwa, na kuna mizunguko fulani ambapo msokotano huo unakutana na mipigo ya silinda na kujijaza wenyewe. Ukiikalisha injini kwenye limita, inakata na kurudi, inakata na kurudi, mbele ya kranki inatetemeka, gia ya pampu inapasuka. Oili inakwisha presha. Dakika moja baadaye unayo maiti ya bei mbaya. Baadaye Nissan wenyewe waliipanua sehemu ile.

Kwa hiyo wale wanaofunga puli nyepesi ya alumini mbele ya kranki kwa ajili ya kupunguza uzito, waulize kwanza puli ya zamani ilikuwa na mpira ndani yake kwa kazi gani. Ule mpira ndio unaokula ule mtetemo. Nimeona gari mbili za marafiki zimevuliwa mpira huo na kuvalishwa rangi nyekundu nzuri.

Springi za valvu nitazipitia haraka, maana ni hadithi inayofanana. Kwenye 8,400 kila valvu inafunguka na kufunga mara 70 kwa sekunde. Springi ikizidiwa, valvu inachelewa kurudi, inaelea, na ikikuta pistoni inapanda wanagongana. Ndiyo maana waliotengeneza injini za kulia walihangaika na uzito wa valvu. Ukiona 3S-GE ya gia za mkono ina valvu za titani, elewa si mbwembwe. Kila gramu iliyopungua pale ni kazi ambayo springi haitafanya.

Na kuna kitu kimoja ambacho limita haikuokoi nacho, hata uiweke wapi. Limita inakata petroli au moto wa plagi. Haikati magurudumu. Uko gia ya tatu kwenye 7,500, unataka ya nne, mkono unateleza unaingiza ya pili: ukiachia klachi, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na inaweza kupita 10,000 kabla hujamaliza kusema "Mungu wangu". Rudi kwenye hesabu ya mraba uone bolti zinaombwa nini. Magari mengi yanayouzwa kwa maneno "injini safi, haijaguswa" yana mkono wa namna hiyo kwenye historia yake, na muuzaji hatasema.

Watu wa rali, tukumbushane, walichukua njia tofauti, na kwa sehemu walilazimishwa. Magari ya ubingwa wa dunia tangu mwaka 1995 yalibanwa pumzi kwa tundu la milimita 34 mbele ya turbo. Hewa haipiti zaidi ya hapo hata uzungushe injini namna gani, kwa hiyo kupiga resi kubwa hakulipi. Wakajenga injini zenye msokoto mkubwa chini na katikati. Impreza ya Colin McRae iliyoshinda Safari Rally mwaka 1997, kule Kenya, kwenye mawe, vumbi na mito, haikuwa gari la kulia 9,000. Huwa nawakumbusha hilo wale wenye stika ya rali kwenye kioo na limita iliyofunguliwa.

Petroli nayo ina neno lake. Gari hizi zilipimwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo ni karibu okteni 100, yaani inakataa sana kulipuka kabla ya zamu yake. Yetu haifiki hapo. Ukiacha programu ya Japani ilivyo na ukapandisha na mzigo, ile kokoto ndani ya kopo inaanza, na kila kokoto ni nyundo ndogo inayoshuka kupitia konrodi mpaka kwenye utando ule wa oili. Ile milio miwili niliyosema haina undugu, kumbe mmoja unaweza kumzaa mwingine.

Injini nyingine niliipata baada ya miezi mitano. Safari hii niliifungua kabla ya kuifunga. Kranki ya pili ilikuwa nzuri, mzee akasema ipigwe msasa laini tu isichongwe. Beringi mpya, na nafasi yake ikapimwa kwa ule uzi wa plastiki unaobonyea, si kwa kutikisa na kusikiliza. Ringi mpya. Bolti mpya za konrodi, zimekazwa kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, huku mzee anaandika namba kwa kalamu ya chaki ukutani, sijui kwa nini ukutani, lakini ziko pale hadi leo. Ndani ya sampu fundi wa kuchomelea alitia kuta ndogo za bati zinazoizuia oili kukimbilia pembeni. Na mbele yangu, kwenye dashibodi, kuna geji ya presha ya oili yenye mshale mkubwa kuliko wa spidi. Waendesha mbio wa Marekani wana kipimo chao cha zamani: presha ya 10 kwa kila mizunguko 1,000, kwa vipimo vyao vya psi. Si sheria ya dini, ila mshale ukishuka kwenye kona huku injini inalia, nauamini kuliko masikio yangu.

Limita nimeirudisha 7,800.

Yule kijana wa kompyuta alinitafuta mwezi uliopita. Amesikia nimejenga upya, anasema sasa na bolti zile mpya tunaweza kwenda 8,600, hedi ile, kichwa cha injini chenye valvu, inaruhusu, tunaacha farasi bure. Nikampigia picha konrodi namba 3, ninayo mezani nabanizia karatasi, na ile bluu yake inaonekana vizuri kwenye mwanga wa dirisha. Nikamtumia bila neno.

Akajibu baada ya dakika moja: "Hiyo ni oili bro, siyo limita."

Ni kweli. Mpaka leo sijamjibu.